Usishuke Mpaka Nije

Wale walioandika kwenye simu zao kwamba Mzee Pyo alikuwa akimtupa mkewe kwenye treni ili apate nafasi ya kuzurura, natamani siku moja wapite hapa kwenye kibanda changu niwamwagie supu ya moto miguuni. Hawakumjua. Waliona kipande cha video, mwanamke mnene mwenye aproni anamvuta bibi kizee mkono na bibi anapiga kelele, wakajitungia yaliyobaki. Mwanamke mnene mwenye aproni ni mimi. Na kwa kuwa nilikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho, nitaeleza mwenyewe.

Nauza keki za samaki za kuchomeka kwenye vijiti, na wali wa kukunja na mwani, kwenye njia ya chini ya ardhi ya kituo cha Sindang, pale unapoteremka kwenda kupanda Namba Mbili, ile treni inayouzunguka mji na kurudi ilikotoka. Wateja wananiita Mama Mdogo, kama wanavyowaita wauza chakula wote wa mji huu, na sidhani kama kuna anayejua jina langu. Mzee Pyo naye aliniita hivyo hivyo, ingawa kwa umri angeweza kuniita mwanangu.

Pyo Doksu alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka. Nusu ya vibao vya soko la hapo juu viliwahi kupita kwenye brashi yake, mpaka mashine za kuchapa zilipoingia zikamwacha na makopo ya rangi iliyokauka. Alibaki na miguu mizuri na kadi ya wazee. Kwetu mzee anapanda treni bure, na kuna wajanja waliofungua ofisi za kutuma vifurushi kwa mikono ya wazee, maana hawana nauli ya kulipiwa. Basi akavaa kofia ya bluu ya ofisi, akatia begi begani, akawa anapeleka vitu: meno ya bandia kutoka kwa fundi kwenda kwa daktari, mikataba, mawigi, vyungu vya maua ya kumpongeza mtu aliyepandishwa cheo. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na utani wa chini chini. Ukimuuliza leo umebeba nini, anakwambia kichwa cha mtu.

Mkewe Bunrye alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Ulianza na funguo na majina ya majirani, ukafika kwenye jiko la gesi. Jirani alinusa, akavunja dirisha, akazima. Siku nyingine alikutwa kwenye ngazi za jengo lisilo lao, amevaa koti zuri, anabisha mlango wa watu na kuuliza kwa nini wamebadilisha kitasa. Kumwacha nyumbani peke yake hakukuwezekana tena, na mzee kukaa nyumbani bila kazi hakukuwezekana pia.

Binti yao mmoja tu, Miran, anaishi mji wa pembeni. Ana watoto wake na ana bosi wa kumkalia kichwani. Alisema neno ambalo binti yeyote mwenye akili angelisema: mama apelekwe nyumba ya kulelea wazee. Mzee Pyo alikubali, akampeleka. Wiki chache baadaye alikwenda kumtazama, akamkuta amekatwa nywele fupi za kiume, ameketi anatazama ukuta, na hakufumbua mdomo muda wote aliokaa naye. Akamvalisha viatu akaondoka naye hapo hapo. Siku ya pili yake walipopita kwangu nilimuuliza kulikoni.

"Kule anakufa kabla ya siku yake," akasema. "Nikifa mimi, Miran afanye anavyoona. Nikiwa hai, huyu analala kwangu."

Tangu siku hiyo baba na binti wakawa wanagombana kwa simu kila Jumapili. Miran si mbaya, naomba hilo lieleweke. Alikuwa na hofu tu. Mwishowe alimwambia baba yake kwamba amechoka kubishana, ila mama akipotea hata mara moja, mjadala umekwisha, atakuja kumchukua mwenyewe na hataomba ruhusa. Mzee alinisimulia hayo huku anapuliza supu.

Mwanzoni alizunguka naye kwenye kazi. Haikufaa. Bunrye alikuwa mzito wa ngazi, na akifika kwenye ofisi za watu anavua viatu na kujilaza kwenye viti vya wageni. Lakini katika kuzunguka huko mzee aligundua kitu kimoja, kwamba ndani ya treni mkewe anatulia. Joto la viti wakati wa baridi, mtikisiko, watu wanaoingia na kutoka, vyote vilimpendeza. Alikuwa anaamini anakwenda zamu kwenye kiwanda cha masweta alichofanyia kazi ujanani, na kwamba karibu atafika. Alishika mkoba magotini na kuwagawia abiria peremende za tangawizi.

Hapo ndipo mpango ulipozaliwa. Namba Mbili haina mwisho, inazunguka tu. Mzee alimkalisha kwenye viti vya wazee, behewa la nne, mlango wa kwanza, kila siku papo hapo. Yeye akateremka, akapeleka kifurushi chake, kisha akaenda kuisubiri treni ile ile mahali itakapopita. Mlango ukifunguka, anasimama na kofia yake ya bluu, ananyoosha mkono, hasemi kitu. Bunrye akiuona ule mkono anainuka. Wanakuja kunywa supu kwangu, kisha safari inaanza upya.

Nilimwambia ni wazimu. Nilimwambia mbele ya wateja, tena kwa sauti. Akanitazama kwa utulivu wake ule wa kuudhi, akaniuliza ni nyumba gani ya wazee inayompa mtu dirisha lenye mto. Maana treni ile, kama mnavyojua, inatoka ardhini na kuvuka mto huku na huku, na Bunrye alikuwa akifika mtoni anapiga makofi kidogo. Tena, nisiwafiche, miezi ilivyopita nilianza kuona mama yule amenenepa mashavu.

Ila mzee hakuwa mzembe. Kila asubuhi kabla ya kumpandisha alimsimamisha kwenye kibanda changu na kumhoji. Kulikuwa na maswali matatu. La kwanza lilikuwa na historia yake. Kabla ugonjwa haujakolea, matapeli wa simu walimpigia Bunrye wakamwambia binti yake amepata ajali, atume pesa haraka za kumpasua. Alikimbia benki na ndala. Karani mmoja mwenye huruma ndiye aliyemzuia. Hapa kwetu hakuna mzee asiyekuwa na kisa cha namna hiyo, na hakuna familia isiyowafundisha wazee wake kukata simu.

"Wakikupigia wakasema nimeanguka, niko hospitali?" mzee anauliza.

"Wezi hao. Nakata."

"Mtu akikwambia shuka, twende huku?"

"Sishuki mpaka uje."

"Na akisema nimemtuma mimi?"

"Sishuki. Mpaka uje wewe."

Akijibu vizuri anapewa kijiti cha keki ya samaki. Mimi nilikuwa nawatania, nawauliza kama huo ni mtihani wa kuingilia chuo kikuu, na Bunrye anacheka kwa kuwa mzee anacheka. Jina lake mwenyewe kuna siku alikuwa halijui. Majibu hayo alikuwa hayakosei.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, baridi inaisha, watu wameanza kuacha makoti mazito. Mzee alikuwa na chungu cha maua ya okidi cha kupeleka upande wa kusini wa mto, zawadi ya meneja fulani aliyepanda cheo. Alimuuliza mkewe maswali, akampandisha, akapanda naye mpaka huko anakokwenda. Mimi niliendelea kukata wali.

Simu yangu ilipoita niliona ni namba ya Mzee Pyo, lakini sauti ilikuwa ya mwanamke. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia Miran. Aliongea pole pole, anayatafuna maneno kama mtu anayejizuia. Baba yake ameanguka kwenye ngazi za kituo. Kichwa kinavuja damu kwa ndani. Yeye amekimbia kutoka kazini na yuko naye sasa, na madaktari wamemwambia asitoke. Alipofika baba alikuwa bado anasema, na alichosema ni treni, na Mama Mdogo wa Sindang.

"Mama yangu yuko wapi?" akaniuliza.

Nikamweleza. Yote, behewa la nne, mlango wa kwanza, mkono, supu. Nilisubiri anitukane. Hakunitukana, na ingekuwa nafuu kama angenitukana.

"Mlete," akasema. "Tafadhali mlete. Hasemi tena, lakini mkono wake unapapasa kitandani. Nikimpa wangu anauachia."

Nilimwachia kibanda muuza soksi wa jirani, nikateremka nimevaa aproni hivyo hivyo. Pale jukwaani nikampigia Mzee Tak, ambaye ni mwenzake Mzee Pyo wa ofisi moja, maana nilitaka mtu wa kunisaidia. Hakupokea. Simu ya Tak huwa inalala chini kabisa ya begi lake. Nikasimama kwenye alama ya behewa la nne na kuchungulia kila treni iliyoingia. Milango ya Namba Mbili haimsubiri mtu. Unatazama harakaharaka, inafungwa, treni inaondoka, unabaki na roho mkononi. Treni kadhaa zilipita hivyo. Kisha nikaliona koti la zambarau la Bunrye.

Nikaruka ndani. Alikuwa ameketi na mkoba wake magotini. Siku hiyo alinijua, angalau nusu. Akanisogezea nafasi na kuniita mdogo wangu. Nikainama nikamwambia, dada, tushuke kituo kinachofuata, tunakwenda kwa Baba Miran.

"Anakuja yeye," akasema.

"Leo amenituma mimi."

Akatabasamu, akaangalia pembeni. Nilikuwa nimejibu swali vibaya. Nikajaribu tena kwa njia nyingine, nikamwambia supu imeiva, twende tukanywe. Akasema tutakunywa akija. Nikamwambia kiwandani wameahirisha zamu. Akaniuliza nani kasema. Kila nilichosema kilikuwa na mlango wake, na kila mlango mzee alikuwa ameshaufunga asubuhi.

Treni ikatoka ardhini, ikavuka mto. Alipiga makofi. Nikampigia Miran nikamwambia hashuki, sema naye wewe, ni mama yako. Nikamwekea Bunrye simu sikioni. Nilikuwa karibu, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama, ni mimi, Miran. Baba ameanguka. Yuko hospitali, hali yake ni mbaya, mama. Shuka na huyo Mama Mdogo. Baba anakuhitaji."

Bunrye alisikiliza na kichwa amekiinamisha, kwa adabu. Kisha uso wake ukakunjuka, ukawa na ujanja ambao sikuwahi kuuona.

"Na nitume pesa kwenye akaunti ipi?" akauliza, akakata.

Alinirudishia simu na kunipigapiga goti. Akaniambia nisiwaamini watu wa namna hiyo, wanajua kulia, wanajua kuita mama, lakini wezi. Alikuwa amefurahi. Alisubiri, nadhani, kijiti chake cha keki. Mimi nilitazama dirishani ili asinione sura.

Mkinipa nafasi nitawaambia na hili la kengele, kwa sababu nalo walilizungusha kwenye simu zao. Kuna kengele ya dharura ndani ya behewa. Niliibonyeza. Sauti ikaniuliza mgonjwa yuko behewa gani, nikasema humu hakuna mgonjwa, mgonjwa yuko hospitali. Sauti ikaniomba kwa upole nisichezee kengele. Sikuwa na akili ya kudanganya. Siku nyingine zote ninadanganya vizuri tu.

Tukakifikia kituo cha hospitali. Ukipanda ngazi pale, mlango wa hospitali unauona hapo hapo, ng'ambo ya barabara. Miran alishanitumia ujumbe wa namba ya chumba. Nikajiambia basi, maneno yameshindwa, na mimi nina mikono inayoinua masufuria tangu nikiwa kijana. Mlango ulipofunguka nilimshika Bunrye kiganja nikamvuta.

Alipiga ukelele ambao mpaka leo unanitoka masikioni kwa taabu. Alikumbatia nguzo kwa mkono wa pili. Alisema anaibwa, alisema mwanamke huyu simjui, alimwita mumewe. Mkoba ukaanguka, peremende zikatapakaa sakafuni. Nami sikumwachia. Nilivuta. Nilimwambia mumeo anakufa, dada, anakufa hapo juu, shuka. Nilisema hivyo hivyo bila kupunguza, na watu wote walisikia, lakini nani wa kuniamini? Mwanamke ana aproni yenye mafuta, bibi anatetemeka. Mwanamume mmoja aliyevaa suti akaniondoa vidole kimoja kimoja. Msichana mmoja akanyanyua simu akaanza kurekodi. Mlango ukajifunga.

Yule mwanamume akaniambia nimwache bibi apumzike. Aliokota peremende zote, akazirudisha mkobani, akasimama kati yetu mpaka kituo chake. Alikuwa mtu mzuri, na ninamchukia.

Ningeweza kusema niliketi nikafikiria. Sikufikiria kitu. Niliketi viti vya upande wa pili, kwa kuwa sasa alikuwa ananiogopa, na kila kituo kilichopita nilijua tunazidi kwenda mbali. Ule upande wa magharibi wa mji ulipita wote, wanafunzi wakaingia na kelele zao, wakatoka. Mzee Tak akanipigia akauliza kuna nini, nimemtafuta. Nikamwambia kwa kifupi. Aliuliza tu tuko treni gani na behewa gani.

Kisha akapiga Miran. Niliiona namba na nikajua kabla sijapokea.

"Usihangaike tena, Mama Mdogo," akasema. "Usimshtue tena."

Nikamuuliza aliondoka vipi. Akasema kwa utulivu, ila ule mkono haukutulia mpaka mwisho.

Bunrye alinitazama kutoka upande wa pili. Alishasahau, woga ulikuwa umemtoka. Aliona mwanamke analia, akafungua mkoba, akainuka kwa shida katikati ya mtikisiko, akaja kunitilia peremende mkononi. Akaniambia nisilie, karibu tutafika. Nilimwomba tu arudi akae, asije akaanguka.

Tukakipita Sindang, nikaona alama za jukwaa letu zinapita dirishani. Vituo vichache mbele yake ni Seongsu. Mimi nimekaa kwenye njia ile miaka mingi na nilisahau kabisa kwamba kuna treni zinazoishia Seongsu, zikapelekwa kulala gereji. Kipaza sauti kikatangaza abiria wote wateremke. Watu wakatoka, taa zikazimwa nusu, tukabaki wawili. Akaja mfanyakazi wa kituo, kijana mwenye glavu nyeupe, akainama na kumwomba bibi ashuke, treni haiendelei. Bunrye akamjibu kwa heshima kwamba hawezi, ameagizwa. Kijana akanitazama mimi.

Hapo Mzee Tak akatokea mlangoni anahema. Alikuwa na begi lake, na kofia ya bluu ya ofisi. Nadhani alitaka kusema kitu, pole au habari, kisha maneno yakamkwama, kwa hiyo alifanya kile ambacho mtu hufanya mbele ya bibi kizee aliyeketi gizani. Alinyoosha mkono.

Bunrye akainuka. Hakusita hata kidogo. Alirekebisha koti lake, akaupokea mkono wa Tak, akavuka ule mwanya wa mlango kwa uangalifu kama alivyofundishwa.

"Umechelewa leo," akamwambia.

Tak aligeuka kunitazama. Nilimtikisia kichwa. Sijui hata nilikuwa namwambia nini.

"Ni kweli," akasema. "Nimechelewa."

Nilikaa pale ndani mpaka yule kijana wa glavu aliponigusa bega. Nilikuwa nimejaa hasira, na hasira yenyewe haikuwa na wa kumwangukia. Ofisi ile ina wazee chungu nzima, wote wana kofia hiyo hiyo ya bluu. Ningemwomba yeyote. Ningeivaa mwenyewe. Nilitumia maneno yote niliyojaliwa, na maneno ndiyo aliyofundishwa kuyakataa.

Msiba uliwekwa kwenye ukumbi wa chini wa hospitali, kama ilivyo kawaida ya kwetu. Picha ya Mzee Pyo ilikuwa ya miaka mingi nyuma, ana rangi kwenye ukosi wa shati, nadhani hawakupata nyingine. Wazee wa kofia za bluu walikuja na mabegi yao, wakayapanga mlangoni pamoja na viatu. Miran alisimama kando ya picha na nguo zake nyeusi, peke yake, kwa kuwa hana kaka wa kusimama mahali pa mfiwa mkuu. Nilimpa pole, tukainamiana. Akaniambia ameshapata nafasi, mahali pazuri, pana bustani, na mama ataingia baada tu ya mazishi. Aliniambia kama mtu anayeomba radhi. Sikumlaumu. Nani angemlaumu?

Bunrye aliletwa na Tak, maana kwa mtu mwingine hakukubali kwenda. Walikaa mkekani wakala supu ya nyama ya pilipili pamoja na wageni wengine, naye akawa anamtolea Tak mifupa kwenye bakuli. Akauliza msiba ni wa nani. Tak akasema ni wa mwenzangu wa kazi. Bunrye akasema basi lazima tumsalimu, si vizuri kula tu.

Hakuna aliyewahi kumzuia, na sidhani kama tungeweza. Alifunga vifungo vya koti, akaenda mbele, akawasha kijiti cha ubani, akakizima moto wake kwa kiganja na si kwa kupuliza, kama inavyotakiwa. Akaipigia picha magoti mara mbili, paji la uso mpaka chini. Yote aliyafanya sawasawa. Kisha akamgeukia mfiwa, wakainamiana, akamsogelea na kumshika mikono yote miwili.

"Pole sana, binti," akasema. "Baba yako ana sura ya mtu mwema. Aliugua muda mrefu?"

"Hapana," Miran akasema. "Ilikuwa ghafla."

"Na mama yako?"

Miran alimtazama. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na kikombe cha mtu mkononi.

"Mama yupo," akasema.

"Basi kaa naye karibu. Ni vibaya mwanamke kubaki peke yake." Akageuza kichwa kumtafuta Tak kwenye mkeka, akamwona, akatulia. "Mimi nina bahati. Wangu yupo pale, anakula."

Miran akainama, chini kabisa, kama mfiwa anavyomwinamia mgeni.

"Asante kwa kuja, mama," akasema.